UZI: Babu wa mama mkwe hakuwa mpishi. Namna tulivyomfuatilia askari wa kawaida wa Kiingereza aliyerudi hai

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, na picha sitaweka kwa sababu ni mali ya familia ya watu. Mwenye haraka apite, mwenye nafasi avute kiti.

Nimeoa huku kaskazini mwa Uingereza. Mama mkwe ni mzaliwa wa Rochdale. Ndiyo, Rochdale ile ile ya ushirika, ya wale jamaa wa 1844 ambao kila aliyepita Chuo cha Ushirika Moshi amewahi kuwajibia swali la mtihani. Mwaka jana bibi wa watu akavunjika nyonga, ikabidi tumshushie vitu vyake chini asiwe anapanda ngazi. Juu ya kabati tukakuta kopo la biskuti. Kwetu lingekuwa kopo la Blue Band lenye vifungo na sindano. Hili lilikuwa na nyota ya shaba, medali moja ya mviringo yenye utepe wa rangi za upinde wa mvua, kipande cha utepe mwingine wa rangi ya chungwa na bluu ambacho hakina medali, na picha ya kijana amekaa kwenye kiti, amevaa koti jeupe-jeupe lililompwaya.

Nikauliza huyu nani. "Huyo ni Babu. Alikuwa mpishi jeshini, Vita vya Kwanza."

Mke wangu akacheka. Kumbe ni utani wa ukoo: yeyote akiunguza chakula anaambiwa amerithi kwa Babu, ndiyo maana vita vilichukua miaka minne. Alipika uji wa wenzake, risasi hakuiona, akarudi. Mama mkwe alimkuta akiwa mzee. Anachokumbuka ni kwamba hakuwa anaongea, na alikuwa akikohoa mpaka vikombe vinalia kabatini.

Huyo ndiye niliyemtafuta. Nimetumia miezi saba, na nataka niwaeleze ilivyokuwa maana nimejifunza kitu ambacho sikukitegemea.

#2

Tiririka mkuu, tuko nyuma yako.

#3

Nimeweka kambi hapa. Ila medali ya tatu nani kauza? Kila ukoo una mjomba wa hivyo.

#4 Mleta uzi

Mkuu #3, umegonga penyewe bila kujua. Mjomba yupo kwenye hadithi, nitamfikia.

Tuanze na medali. Za vita vile zimeandikwa mwenyewe: ile ya mviringo ukiigeuza ukingoni utakuta namba, cheo, jina na rejimenti, na nyota imeandikwa mgongoni. Herufi ni ndogo mno. Nilichukua tochi ya simu na lenzi ya mama mkwe ya kusomea gazeti. Nyota ikasema praiveti, yaani askari wa cheo cha chini kabisa, wa Lancashire Fusiliers, namba ya tarakimu nne. Medali ya mviringo ikasema jina lile lile, rejimenti ile ile, ila namba ya tarakimu sita, inayoanza na 24.

Hapo nilipotea wiki tatu nzima. Nikaamini ni watu wawili, labda ndugu au binamu, maana huku watu walikuwa wanarithishana majina kama sisi tu. Kumbe jibu ni la ofisini. Mapema 1917 jeshi liliwapa askari wote wa akiba wa mikoani, wale walioitwa Territorial, namba mpya za tarakimu sita, kwa sababu za zamani zilikuwa zinajirudia kutoka kikosi hadi kikosi. Kila kikosi kilipewa fungu lake. Kwa Lancashire Fusiliers fungu lililoanzia 240001 lilikuwa la kikosi cha sita, na kikosi cha sita makao yake yalikuwa Rochdale. Mtu mmoja, namba mbili. Nyota ilibeba ya kwanza, medali ikabeba ya pili.

Nikasema basi, kazi imekwisha, sasa naenda kuomba faili lake la utumishi. Faili gani? Mafaili ya askari wa vyeo vya chini yalihifadhiwa kwenye ghala moja Arnside Street, kusini mwa London. Septemba 1940 ndege za Hitler zikalipiga, na zaidi ya nusu ya mafaili yakaungua. Yaliyobaki yapo Hifadhi ya Taifa kule Kew, yameskaniwa, na watu wa fani wanayaita "nyaraka zilizoungua". Nimeyaona ya watu wengine: karatasi zimeliwa kingo na moto, halafu zikaloweshwa na maji ya wazima moto, unasoma nusu ya kila mstari. La babu yetu halimo. Fikiria hilo: vita vya kwanza vilimwacha hai, vya pili vikaja kumfuta kwenye makaratasi.

#5

Si ungeangalia tu ile tovuti ya makaburi ya vita? Mimi niliwahi kutafuta jina la mzungu aliyezikwa Dar, dakika mbili nimempata mpaka safu ya kaburi.

#6 Mleta uzi

Hapo ndipo kilipo hicho kitu nilichosema nimejifunza.

Ungekufa, ungekumbukwa. Tume ya Makaburi ya Vita iliundwa 1917, na mwanzilishi wake Fabian Ware alisimamia jambo moja: mawe yote yafanane, jenerali na mpiga tarumbeta, na mwili hakuna kuurudisha nyumbani hata baba yako awe na pesa kiasi gani. Familia iliruhusiwa maneno mafupi chini ya jiwe, herufi 66 na nafasi zake ndani. Asiyepatikana mwili alichongwa jina ukutani. Ukumbusho wa Thiepval, Ufaransa, peke yake una majina zaidi ya 72,000. Halafu familia ilitumiwa sahani ya shaba nzito yenye jina la marehemu, bila cheo, kwa makusudi. Huku mitaani waliita "peni ya mfu". Kuna pia daftari la mali za askari waliokufa, linaonyesha mjane au mama kalipwa kiasi gani, mpaka peni ya mwisho. Wote hao wanatafutika, na bure au karibu na bure.

Lakini aliyerudi? Hana kaburi la tume, hana ukuta, hana sahani. Alishuka kwenye treni, akarudi kiwandani Jumatatu. Na waliorudi ndio wengi kuliko waliokufa, kwa mbali. Mimi ninaposikia "tutawakumbuka" kila tarehe 11 Novemba na maua mekundu kifuani, sasa najua inasemwa kwa nani. Mzee wa kukohoa hayumo.

Kwa hiyo kwa aliyerudi hai unaokota makombo. Kombo la kwanza ni kadi ya medali, kijikadi kama cha maktaba, na karibu kila askari aliyevuka bahari anayo. Ya kwake ilikuwa na namba zote mbili, moja chini ya nyingine, mwandiko wa karani aliyechoka. Na kwenye kisanduku cha "uwanja wa vita alioingia kwanza" kimeandikwa 2B, na mwezi ni Septemba 1915.

2B ni Gallipoli, wakuu. Mpishi wetu alishuka Gallipoli.

#7

Duh. Gallipoli siyo ile Waingereza walichapwa na Waturuki? Na Waaustralia?

#8 Mleta uzi

Ndiyo hiyo. Waaustralia na Wanyuzilandi ndio wenye sauti kubwa leo, ila kulikuwa na Waingereza na Wafaransa tele. Divisheni ya vijana hawa wa viwanda vya pamba, ya 42, ilikuwa ya kwanza ya askari wa akiba kupelekwa ng'ambo: Misri Septemba 1914, Gallipoli Mei 1915. Yeye aliingia baadaye kujaza nafasi za waliokwisha. Kule adui mkubwa mwishoni alikuwa nzi. Kuhara damu kuliondoa watu wengi sana. Kikosi kikatoka, kikaenda Misri na Sinai, na Machi 1917 kikahamishiwa Ufaransa.

Nikafungua shajara ya kikosi, maana kila kikosi kiliandika cha siku hiyo. Usitegemee kumwona mtu wako. Afisa akijeruhiwa ametajwa kwa jina. Askari wa kawaida ni herufi mbili, O.R., yaani "vyeo vingine". Unakuta siku imeandikwa kuwa ilikuwa tulivu, mvua kidogo, O.R. wawili wameuawa, watano majeruhi. Ndiyo siku tulivu hiyo. Nilisoma kurasa karibu mia mbili nikijua yumo ndani ya zile herufi, ila ni yupi sijui.

Kuhusu alivyoingia jeshini sina karatasi, nisibuni. Nyumbani kwao ninayo, na hii ndiyo karatasi ninayoipenda kuliko zote. Sensa ya 1911 ndiyo ya kwanza Uingereza ambayo tunasoma fomu aliyoijaza mwenye nyumba mwenyewe, siyo nakala ya karani. Kwa hiyo mkono ule ni wa baba yake. Amebonyeza kalamu mpaka wino umemwagikia pembeni. Fomu ile iliuliza ndoa ina miaka mingapi, watoto waliozaliwa hai, walio hai, waliokufa. Kwenye watoto kaandika tisa, watano, wanne. Halafu kijana wetu, miaka 18, kazi: kuunga nyuzi zinazokatika kiwanda cha pamba. Lancashire wakati ule mtoto wa miaka 12 aliruhusiwa nusu siku darasani, nusu siku kiwandani. Hesabuni wenyewe mapafu yake yalianza kula vumbi la pamba lini. Shikeni hiyo, nitairudia.

#9

Mkuu, na upishi ulitoka wapi sasa?

#10 Mleta uzi

Ilitoka kwenye picha.

Nilikuwa nimeichukua kwenda nayo maktaba. Kuna mzee pale anajitolea siku za Alhamisi, anasaidia watu na mambo ya koo zao, suruali imefungwa kwa mikanda ya mabegani, anaongea lahaja ambayo mimi na miaka yangu yote huku bado naomba arudie. Nikamwambia huyu alikuwa mpishi. Akaitazama, akaigeuza nyuma, akaweka lenzi. Akaniuliza jiko gani lina tai.

Nikatazama upya. Kweli, koti limepwaya, limekuwa jeupe-jeupe, mapindo ya kifuani meupe kabisa, lakini shingoni kuna tai nyeusi imefungwa vizuri. Mzee akanieleza: hii ni suti ya hospitali. Askari mgonjwa au majeruhi aliyeletwa nyumbani kutibiwa alivalishwa suti ya bluu yenye mapindo meupe, shati jeupe na tai nyekundu, ili mtaani ajulikane ni mgonjwa wa jeshi na wenye baa wasimuuzie pombe. Sahani za picha za enzi zile zilikuwa zinaifanya bluu ipauke na nyekundu iwe nyeusi. Suti ya bluu, tai nyekundu, kwenye picha vinakuwa aproni ya mpishi na tai ya msiba. Na nyuma kulikuwa na mhuri wa mpiga picha wa Blackpool. Blackpool kulikuwa na hospitali kubwa ya jeshi ya kupumzishia wanaopata nafuu.

Nilirudi na basi nimeishika picha mkononi, sikuitia begini.

Mama mkwe sikumwambia siku ile. Nilitaka nijue kwanza alilazwa kwa nini.

#11

Hapa umetuacha pabaya. Lakini kabla hujaendelea, sisi babu zetu waliobeba mizigo vita hiyo hiyo tunawapata wapi? Mtaa wa Kariakoo umepewa jina lao, ila jina la mtu mmoja mmoja silioni.

#12 Mleta uzi

Swali hilo mke wangu alinisikia nalo usiku mwingi. Nilikuwa natazama kadi ya mfanyakazi maskini wa Rochdale ina namba zake mbili, nikawa nawaza wapagazi. Tume ile ile ya makaburi mwaka 2021 ilitoa ripoti yake yenyewe ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuenziwa kwa majina au hawakuenziwa kabisa, na ikaomba radhi. Tulichopewa ni sanamu, kama ile ya Askari pale Dar ya 1927, yenye maneno ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, bila jina la mtu. Kama babu yako alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na medali ya vita vya kwanza ipo, soma ukingo kwanza, usiisugue na brasso. Kama alikuwa mpagazi, andika leo anachokumbuka shangazi yako, maana huenda ndilo faili pekee. Hilo linahitaji uzi wake, mtu aufungue nitachangia.

#13

Vita vya pili je? Baba wa jirani yangu hapa Leicester alikuwa jeshi la Uingereza, mjukuu wake ananiuliza kila siku.

#14 Mleta uzi

Mwambie medali za Waingereza za vita vya pili hazikuandikwa jina, kwa hiyo asihangaike na ukingo. Mafaili hayakuungua: Wizara ya Ulinzi imekuwa ikiyahamishia Hifadhi ya Taifa, ni mamilioni. Aanze na tarehe ya kuzaliwa na namba ya utumishi. Na aangalie ile Rejesta ya wakazi ya 29 Septemba 1939, inampa mtu anwani, siku ya kuzaliwa na kazi, ingawa waliokwisha kuwa jeshini siku ile hawamo kambini kwao. Wanaodhaniwa bado wako hai wamefunikwa mstari mweusi.

Mitandao ya kulipia msikimbilie kulipia. Maktaba nyingi za umma huku unakaa kwenye kompyuta yao unaitumia bure.

Turudi kwa Babu. Kombo la mwisho lilikuwa kadi ya pensheni. Kadi hizi nusura zitupwe. Wizara ilikuwa imechoka kuzitunza, na mwaka 2012 chama cha wapenzi wa historia ya vita ile, Western Front Association, kikazichukua, mamilioni. Ndiyo yenye anwani, kwa hiyo ndipo nilipohakikisha: mtaa ni ule wa mama mkwe anaoukumbuka, namba ya jeshi ni ile ya 24.

Ugonjwa: bronkaitisi. Halafu kuna kisanduku ambacho kiliamua maisha ya watu. Maradhi yalisababishwa na utumishi, au yalikuwepo yakazidishwa na utumishi? Kwake karani kaandika yalizidishwa. Yaani jopo la madaktari lilimtazama, likasema kifua hiki kilianzia kwenye pamba, vita vimekiongezea tu. Ulemavu asilimia 30, shilingi 12 kwa wiki. Alipoitwa tena kupimwa, asilimia 20, shilingi 8. Mwaka 1922 mstari wa mwisho: malipo ya kumalizana, na kadi ikafungwa. (Shilingi zile ni mama wa shilingi zetu: 20 kwa pauni, peni 12 kwa shilingi. Mtu mzima asiyeweza kufanya lolote alipewa 40.)

Jumapili moja baada ya chakula nikamsomea mama mkwe yote. Nilianza na Gallipoli nikidhani ndiyo itamshtua. Alisikiliza tu, anakunja kitambaa cha meza. Nilipofika kwenye kisanduku cha "yalizidishwa", akanisimamisha, akataka nirudie. Nikarudia. Akasema, "Kwa hiyo walikaa mezani wakagawana kikohozi chake." Akanyamaza. Halafu akauliza shilingi 8 ilikuwa kodi ya nyumba ya wiki ngapi. Sikuwa na jibu, na bado nalitafuta.

Picha ameitoa kwenye kopo. Iko sebuleni karibu na televisheni. Nyuma ameandika kwa penseli jina, namba zote mbili, na "Blackpool, hospitali".

#15

Mjomba, mkuu. Umetuahidi mjomba.

#16 Mleta uzi

Naam. Ule utepe usio na medali ni wa medali ya fedha, British War Medal. Ilikuwa fedha halisi, ndiyo maana nyingi ziliyeyushwa au zikauzwa. Kwa hawa ndugu ilijulikana kabisa kwamba mjomba wa mama mkwe, mlevi kidogo, aliiiba akaiuza. Alisemwa nayo harusini, alisemwa nayo misibani.

Wiki iliyopita mke wangu alikuwa anaunyoosha ule utepe aupige pasi auweke kwenye fremu. Ulikuwa umekunjwa mara nne, umeshonwa. Alipofumua uzi kikadondoka kikaratasi kama tiketi ya basi. Tiketi ya duka la rehani, 1931. Ule ndio mwaka viwanda vya pamba vilikuwa vimelala Lancashire nzima. Kitu: medali moja, fedha. Kiasi kimefutika, hata kwa lenzi hakisomeki. Jina la aliyeweka ni la Babu mwenyewe, na mjomba wakati huo alikuwa na miaka sita.

Mama mkwe aliishika tiketi ile muda mrefu. Kisha akamwomba mke wangu amtafutie namba ya simu ya binti wa mjomba, anayeishi Oldham. Hawajaongea tangu 1998.